Pua Inayojua Kusahau: Jinsi Nondo Dume Anavyomnusa Jike Shambani

Ndugu wakulima, wanafunzi, na walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, asanteni kwa kufika.

Naanza na swali nililoulizwa na kijana mmoja, siku tulipokuwa tukifunga vijiti vya feromoni kwenye miti ya matufaha. Ni vijiti vyembamba vya plastiki vilivyojazwa harufu ya nondo jike, na kila kimoja huzungushwa kwenye tawi la juu. Kijana alikuwa amekwisha kufunga zaidi ya mia mbili. Akashuka ngazi, akajifuta jasho, akaniuliza: "Mwalimu, si umesema dume humtafuta jike kwa harufu? Sasa sisi tumejaza shamba zima harufu hiyohiyo. Hatujamrahisishia kazi?"

Nikamjibu haraka: "Tunamchanganya." Akaitikia, "Sawa, mwalimu," akapanda tena ngazi. Lakini uso wake ulionyesha kwamba hajaridhika, nami jioni ile nilipokuwa narudi nyumbani nilijua ana haki ya kutoridhika. Mwenye kiu akiletewa mtungi wa maji hachanganyikiwi, anakunywa. Iweje nondo achanganywe na kitu kilekile anachokitafuta?

Swali lile lilinirudisha kwenye vitabu na kwenye hadubini. Nitakayoyasema leo ni jibu alilostahili kijana yule, na kiini chake ni hiki: pua ya nondo dume inahitaji kusahau kama inavyohitaji kunusa. Inanasa harufu, inaifuta papo hapo, inakaa tayari kwa nyingine. Ukiinyima nafasi ya kusahau, umeiziba.

Mdudu nitakayemtaja zaidi ni Cydia pomonella, nondo wa matufaha, anayeshambulia pia mapeasi na jozi. Ukimwona ametulia kwenye gome la mti hutamdhania kuwa adui. Ana urefu wa kama sentimita moja, rangi ya kijivu, na kwenye ncha za mabawa ana doa linalong'aa kama shaba. Anayeleta hasara ni kiwavi wake. Akishaanguliwa hatembei sana: hutafuta tunda, hulitoboa, huenda moja kwa moja hadi kwenye kokwa na kula mbegu. Kuanzia hapo amejifungia ndani ya nyumba yenye chakula, na dawa unayopuliza nje haimfikii. Muda wa kumkamata akiwa wazi ni saa chache tu, mara nyingi chini ya siku moja.

Kwa sababu hiyo, historia ya kupambana naye ni historia ya sumu zilizochoka moja baada ya nyingine. Kule Marekani walianza na chumvi ya risasi na arseniki, na kufikia 1928 ilikuwa imekwisha kuripotiwa kwamba viwavi wa sehemu fulani wanaivumilia. Ikaja DDT baada ya Vita Kuu ya Pili, nayo ikazoeleka. Zikaja nyingine, nazo vivyo hivyo. Hata kirusi kinachoua viwavi hawa, ambacho wakulima wa Ulaya walikitegemea sana, kilikuja kukutana na viwavi sugu huko Ujerumani na Ufaransa mwanzoni mwa karne hii. Feromoni inamkabili mahali tofauti kabisa. Inaingia kati ya dume na jike kabla yai halijatagwa.

Sasa njooni tumwangalie jike jua linapozama. Usiku ukiwa na joto la kutosha, tuseme nyuzi 15 za selsiasi na zaidi, hutulia juu ya jani, huinua ncha ya tumbo, na kutokeza tezi ndogo yenye unyevunyevu. Wataalamu wa wadudu husema jike "anaita." Haitoki sauti yoyote. Hutoka mvuke wa kemikali inayoitwa kodlemoni, na kiasi chake ni nanogramu chache tu kwa saa. Nanogramu ni gramu moja uliyoigawa mara bilioni moja.

Kodlemoni si kitu cha ajabu kwa muundo. Ni mnyororo wa atomi 12 za kaboni, wenye vifungo maradufu viwili, kimoja kikianzia kaboni ya 8 na kingine ya 10, na kwenye mkia una alkoholi. Lakini zingatieni mkia huo. Ukiiondoa alkoholi ukaweka asetati, yaani ukabadilisha kipande kidogo cha mwisho tu, unapata feromoni ya nondo mwingine, Cydia nigricana, anayeharibu njegere. Nondo dume wa matufaha akiinusa hiyo ya asetati iliyochanganyika na ya jike wake, haji. Inamfukuza. Kinachotenganisha "njoo" na "usije" ni atomi chache kwenye mkia wa molekuli ambayo jicho lako halitaiona kamwe.

Ndipo linapokuja suala la kipapasio, maana pua ya nondo ni vile vipapasio viwili vya kichwani, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndipo penye utamu wote.

Wengi tumeona picha za nondo wa hariri, mwenye vipapasio vipana kama manyoya ya ndege. Vya nondo wa matufaha si hivyo. Ni kama uzi. Ukiuweka uzi huo chini ya hadubini ya elektroni, unakuta umeota vinyweleo virefu, vyembamba, vilivyopinda kidogo kuelekea mbele, vimejipanga kama majani ya mkeka ambao bado haujasukwa. Kila kinyweleo kina uwazi ndani, na ukuta wake una vitundu vidogo mno. Uwazi huo umejaa majimaji. Ndani ya majimaji hayo zimechomoza ncha za seli za neva, kwa kawaida mbili au tatu katika kinyweleo kimoja, kila moja ikiwa na harufu yake inayoisikiliza.

Molekuli ya kodlemoni inapeperushwa na upepo, inagusa kinyweleo, inanata kwenye nta iliyokipaka, inateleza hadi kwenye kitundu, inaingia. Hapo inakutana na tatizo: yenyewe ni ya mafuta, na mbele yake kuna maji. Mafuta na maji hayachanganyiki. Ingeachwa peke yake ingeganda ukutani na isifike popote.

Wadudu wamelitatua hilo kwa protini ndogo iliyojaa tele katika majimaji yale. Kazi yake ni kuibeba feromoni. Iligunduliwa na Richard Vogt na Lynn Riddiford mwaka 1981, katika nondo mkubwa anayeitwa Antheraea polyphemus. Katikati ya protini hiyo mna shimo lenye ukubwa wa kuikumbatia molekuli ya feromoni. Fikirieni mtumbwi wa abiria mmoja: unampokea abiria kwenye kitundu, unamvusha majini, unafika kwenye utando wa seli ya neva. Na pale kwenye utando, ambapo uasidi umezidi, umbo la mtumbwi hubadilika na abiria hushushwa. Hilo la kubadilika umbo lilionyeshwa katika protini ya nondo wa hariri kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, na mimi kila nikilisoma husimama kidogo. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko kichwa cha pini ana bandari ndani ya unywele.

Gati zenyewe, pale abiria anapopokelewa kwenye utando wa seli, ni vipokezi. Hivi vilichelewa kupatikana. Jeni za vipokezi vya harufu vya wadudu zilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, katika inzi mdogo wa matunda, yule anayefugwa katika maabara zote duniani. Walitarajia kwamba vingekuwa kama vya pua za wanyama. Baadaye ikaonekana kwamba vimekaa kwenye utando kinyumenyume, upande ambao kwa wanyama uko nje, kwa wadudu uko ndani. Tena havifanyi kazi peke yake. Kila kipokezi huungana na mwenziwe mmoja ambaye ni yuleyule katika karibu seli zote za namna hii, anayeitwa Orco, na kwa pamoja hujenga mlango. Feromoni inapokaa mahali pake, mlango hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na seli hupiga mshituko wa umeme kwenda kwenye ubongo. Hakuna wapambe wengi wa kupeleka ujumbe ndani ya nyumba. Mwenye kubisha hodi na mwenye kufungua ni mmoja. Ndiyo maana ni haraka.

Tena ni pua yenye usikivu wa kupindukia. Karl-Ernst Kaissling na Ernst Priesner, waliofanya kazi Ujerumani na nondo wa hariri, walionyesha mwaka 1970 kwamba molekuli moja tu ya feromoni inatosha kuizindua seli moja ya neva. Molekuli moja. Dume haondoki kwa molekuli moja, kwa sababu ubongo wake unangoja mishituko mia mbili hivi kutoka kwenye vinyweleo vingi kwa wakati mmoja ndipo apige mabawa. Lakini kila kinyweleo, kwa upande wake, kimeshafika mwisho wa uwezekano. Hakuna kiasi kilicho chini ya molekuli moja.

Nimesema pua hii inasahau. Turudi kwenye kinyweleo. Katika majimaji yaleyale yenye mitumbwi, kuna vimeng'enya vinavyoikata feromoni. Mwaka 1985, Vogt na Riddiford pamoja na Glenn Prestwich walikipima kimeng'enya kimoja cha namna hiyo kwa Antheraea polyphemus, wakakadiria kwamba feromoni iliyo huru ndani ya kinyweleo hupungua hadi nusu kwa milisekunde 15. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua muda mrefu zaidi ya huo. Yaani mwili wa nondo umejenga mtambo wa hali ya juu wa kuikamata harufu, na palepale ukaweka mtambo mwingine wa kuiharibu. Niliposoma hili mara ya kwanza niliona kama uharibifu. Kwa nini ujenge bandari halafu uwazamishe abiria?

Jibu liko kwenye upepo, nami nitafika huko. Kwanza niwape heshima watu waliotuonyesha jinsi ya kuongea na kipapasio.

Feromoni ya kwanza kujulikana kwa kemia yake ilikuwa ya nondo wa hariri. Adolf Butenandt na wenzake Ujerumani waliifanyia kazi kwa takriban miaka 20, wakitumia tezi za majike wapatao 500,000, na mwishowe wakapata miligramu chache tu za kuchunguza. Walitangaza mwaka 1959. Mwaka huohuo Peter Karlson na Martin Lüscher walilibuni neno lenyewe "feromoni," kutoka maneno ya Kigiriki ya kubeba na kusisimua. Ilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa. Lakini nani angepata majike nusu milioni kwa kila aina ya mdudu anayeharibu matunda? Nondo wa hariri hufugwa kama kuku. Hawa wetu hawafugiki kirahisi hivyo.

Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Dietrich Schneider mwaka 1957. Alikitoa kipapasio cha nondo, akakiunganisha na nyaya pande zote mbili, akakipulizia harufu, akapima umeme. Wendell Roelofs, katika kituo cha utafiti cha Geneva jimboni New York, aliichukua njia hiyo akaigeuza kuwa swali. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kusaga majike ya nondo wa matufaha. Walitengeneza orodha ya kemikali zenye mnyororo wa kaboni 12, kila moja ikiwa na kifungo maradufu mahali tofauti, wakazipuliza moja moja mbele ya kipapasio cha dume. Kipapasio kiliitikia kwa nguvu mahali pawili: kifungo kikiwa kwenye kaboni ya 8, na kikiwa kwenye kaboni ya 10. Wakafikiri: basi huenda feromoni yenyewe ina vyote viwili. Wakaitengeneza yenye vyote viwili, mwitikio ukapanda, wakaipeleka shambani, madume wakaja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Walimuuliza dume anataka nini, naye akawajibu kwa milivolti.

Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, na ningependa kila mwanafunzi hapa aifanye walau mara moja. Unakata kipapasio kwa mkasi mdogo chini ya hadubini. Unakikata pia kile kipande cha mwisho kabisa ili maji ya chumvi yagusane na ndani. Unaweka kila ncha kwenye mrija wa kioo wenye waya wa fedha. Unapuliza hewa safi: mstari kwenye skrini unatikisika kidogo tu. Unapuliza harufu ya jani la mtufaha: unashuka kiasi. Halafu unapuliza hewa iliyopita juu ya karatasi yenye kodlemoni, kiasi ambacho hata ukikaribisha pua yako husikii chochote. Mstari unazama. Unazama kama jiwe kisimani, halafu unaanza kupanda taratibu kurudi ulipokuwa. Mdudu mwenyewe hayupo tena. Kimebaki kipapasio kilichokatwa, na bado kinamtambua jike wake.

Utazameni huo mstari unaopanda kurudi. Kule kupanda ndiko kusahau.

Sasa upepo. Watu wengi hudhani harufu hutoka kwa jike na kutandaa sawasawa, nzito karibu, nyepesi mbali, na dume anafuata palipo pazito. Sivyo. Uwasheni udi kisha muutazame moshi wake. Kwa urefu wa kiganja unakuwa uzi mmoja. Baada ya hapo unajikunja, unakatika, unakuwa vipande na nyuzinyuzi zenye hewa tupu katikati. Hivyo ndivyo harufu ya jike inavyosafiri kati ya miti. Dume aliye mita nyingi upande upepo unakokwenda hapati mvuke unaozidi polepole. Anapata kipande, halafu hewa tupu, halafu vipande viwili vilivyofuatana, halafu hewa tupu tena. Na ndani ya kipande chembamba kilichosafiri mbali, ukali unaweza kukaribiana na wa kile kilicho jirani na jike. Kwa hiyo ukali haumwambii jike yuko wapi.

Kinachomwambia ni upepo. Kila anapopigwa na kipande cha harufu, anaruka kuelekea upepo unakotoka. Anajua unakotoka kwa macho, kwa kutazama jinsi ardhi na majani yanavyopita chini yake. Kipande kikimwishia, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde anaacha kwenda mbele na kuanza kuyumba kulia na kushoto, kukingama upepo, kila mara akipanua mkingamo wake, mpaka apigwe na kipande kingine. Mabaharia wa vyombo vya matanga wana neno kwa mwendo wa kuukabili upepo kwa kwenda upande huu na upande ule: kubisha. Nondo dume anabisha. Tofauti ni kwamba baharia anaijua bandari aendako, na nondo anaijua kwa vipande vya sekunde.

Sasa jiulizeni: mdudu wa namna hii anahitaji pua gani? Anahitaji pua inayojua kwamba kipande kimeisha. Kama kila kipande kingebaki kikilia ndani ya kinyweleo kwa sekunde tatu, dume angeendelea kwenda mbele wakati ameshatoka nje ya njia. Vile vimeng'enya nilivyoviona kama uharibifu ndivyo vinavyomwambia: sasa hapana, sasa ndiyo, sasa hapana. Bila "hapana" ile, "ndiyo" haina maana yoyote.

Jambo hili lilijaribiwa kwa nondo wa miti ya matunda hasa. Mwaka 1984 Mark Willis na Thomas Baker walimrusha Grapholita molesta, anayeharibu mapichi, ndani ya kasha refu lenye upepo wa feni. Feromoni ilipokuja kwa mapigo, madume walisonga mbele kuelekea upepo. Feromoni ilipojaa sawasawa kasha zima, hawakuweza kuendelea. Waliyumba kulia na kushoto palepale. Harufu walikuwa nayo tele, lakini haikuwa na mwanya.

Kijana wangu wa ngazini, hilo ndilo nililopaswa kukuambia. Hatumnyimi dume harufu, na wala hatumpumbazi kwa wingi wake tu. Tunamnyang'anya mwanya ulio kati ya kipande na kipande.

Ila nisiwadanganye kwamba ndiyo yote. Kwanza, si kila nondo hushindwa na wingu lililo sawasawa; funza mwekundu wa pamba, Pectinophora gossypiella, ameonekana akiendelea kusonga ndani yake. Pili, vijiti tunavyofunga havitengenezi wingu kamili. Kila kijiti nacho hutoa mkia wake wa vipande, na kwa nondo wa matufaha, watafiti waliokaa shambani machweo wamewaona madume wakivifuata vijiti na kuvikaribia kabisa. Anakwenda kwa jike wa plastiki, anapoteza muda wake, na saa za kuruka ni chache kila jioni. Tatu, dume aliyekaribia kijiti amejipiga dozi kubwa, na kwa nondo wengine wa kundi hili, hasa baadhi ya wakunja-majani, kipapasio chake huitikia hafifu kwa dakika kadhaa baadaye. Kwa hiyo kumpoteza na kumchosha pua hutokea pamoja, na sehemu ya kila kimoja hubadilika kutoka mdudu hadi mdudu. Nalisema hili kwa sababu linabadilisha namna mnavyofanya kazi. Kama dume anadanganywa na vijiti kimoja kimoja, idadi ya vijiti ni muhimu kuliko nguvu ya kila kijiti, na ndiyo maana kwa nondo wa matufaha wengi hufunga hata 1,000 kwa hekta.

Na kama madume ni wengi kupita kiasi, kazi inashindikana. Wawili wakiwa kwenye mti mmoja tangu mwanzo, watakutana bila kuhitaji safari. Shamba lililoachwa liliwe mwaka mzima halitaokolewa na feromoni peke yake mwaka unaofuata. Lipunguzieni kwanza mzigo wa viwavi, kusanyeni matunda yaliyoanguka, ndipo mfunge. Pembezoni nako ni udhaifu wa kudumu. Upepo unaikwangua harufu kwenye mstari wa kwanza wa miti, na jike aliyekwisha kupandwa na dume katika shamba la jirani huingia akiwa na mayai tayari. Yeye hatafuti dume. Pua yake inatafuta tunda.

Pua ya jike pia ina habari. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba kemikali moja katika harufu ya peasi lililoiva, esta ya peasi, inawavuta nondo wa matufaha, majike kwa madume. Baadaye ikaonekana kwamba kipokezi kinachoiitikia kimetoka katika ukoo uleule wa vipokezi vya feromoni. Jenomu ya mdudu huyu, yaani jeni zake zote kwa jumla, ilipochapishwa mwaka 2019, jeni ya kipokezi hicho ilikutwa imejirudia mara mbili, na watafiti wakaeleza kwamba nakala hizo zinamsaidia kupata chakula na mwenzi. Kwa nondo huyu, tunda na jike ni jirani hata ndani ya pua. Mimi hili linanigusa sana, maana madume na majike wao hukutana juu ya miti ileile yenye matunda. Kwa mkulima lina faida ya moja kwa moja: mtego wenye esta ya peasi pamoja na asidi ya siki hukamata na majike, na jike aliyekamatwa anaweza kupasuliwa kuona kama amepandwa. Mtego wa feromoni peke yake hauwezi kukuambia hilo.

Hapo ndipo niliposhindwa mimi katika miaka yangu ya mwanzo. Shamba lilikuwa limefungwa vijiti, mitego yangu ya feromoni ilikuwa mitupu wiki baada ya wiki, nikamwambia mwenye shamba tumeshinda. Wakati wa kuvuna, matunda ya mistari miwili ya kando yalikuwa na mashimo. Mtego wangu ulikuwa na chambo cha kawaida cha miligramu moja, ndani ya shamba lenye harufu kila mahali. Dume aliyeshindwa kumpata jike angewezaje kuupata mtego wangu? Katika shamba lililofungwa vijiti tunatumia chambo cha miligramu 10, na hata hivyo tunapanda ngazi tukakague matunda kwa macho. Mwenye shamba hakunilaumu. Alinionyesha tu tunda moja alilolipasua kwa kisu, akanyamaza.

Mambo mawili ya mikono, kabla sijakaa. Kodlemoni haipendi jua. Mwanga huzungusha vifungo vile viwili na kuifanya molekuli yenye umbo jingine, ambalo kipapasio hakilitaki. Kwa hiyo msiache pakiti wazi kwenye gari, na msitumie vijiti vya msimu uliopita. Na vaeni glavu. Mkono uliogusa chambo ukigusa kuta za mtego au mtego wa aina nyingine, umeshaandika uongo ambao utausoma msimu mzima.

Kuna wanaoniuliza kama kemikali hizi zina madhara kwa watu. Zinatumika kwa kiasi kidogo sana, na zinailenga pua ya mdudu mmoja. Lakini mwaka 2007, huko California, serikali ilinyunyiza kwa ndege feromoni ya nondo mwingine wa matufaha, Epiphyas postvittana, juu ya makazi ya watu. Wananchi walipinga kwa nguvu, na mwaka uliofuata unyunyizaji wa mijini ukaachwa. Mimi siwalaumu. Mtu anayepitiwa na ndege juu ya paa lake ana haki ya kuelezwa ni nini kinachoshuka kabla hakijashuka, na sisi wenye kuielewa pua ya nondo ndio tunaopaswa kueleza.

Hadubini iko mezani pale kulia, na chini yake kuna kipapasio cha dume aliyekamatwa jana. Anzeni na lenzi ndogo, mtaona uzi. Kisha wekeni lenzi kubwa mgeuze skrubu taratibu, mpaka vile vinyweleo vilivyopinda vianze kujitenga kimoja kimoja. Nitasimama hapo kujibu maswali, na kama kijana yule yumo humu ndani, naomba awe wa kwanza.